Ulikuja Mpaka Katikati

Nyar Alego, binti wa watu wa Alego, mama wa Achieng' wangu,

Barua hii utasomewa na mwalimu Dorka, kwa kuwa wewe na herufi hamjawahi kupatana, na sote tunajua mwalimu Dorka hasomi barua ya mtu chumbani. Husomea kwenye veranda ya kanisa baada ya ibada, kina mama wakiwa wameketi, na akifika mahali patamu hurudia. Ndiyo maana miaka hii yote nimekuwa nikiandika barua za mistari minne. Niko salama, mvua inanyesha, mpe mama salamu, nitakuja likizo. Niliogopa veranda.

Safari hii nimeandika nikijua kuwa veranda itajaa. Mwalimu, tafadhali soma yote, usiruke. Nilimkosea mke wangu mbele ya watu, tena mchana, na sioni haki ya kumwomba radhi kwa siri. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu ndicho nilichofundishwa kuandika, kabla sijaacha shule darasa la sita. Kijaluo changu kiko mdomoni tu.

Unawakumbuka wale wazungu wawili, kijana na msichana? Walipita huku Kericho, kwenye barabara ya magari ya majani ya chai, jua likiwa kali, wamebeba mizigo mgongoni iliyowazidi kimo. Wewe ulikuwa ukipumzika mwishoni mwa mstari wako wa kuchuna. Waliomba maji, ukawapa uji wako. Kijana alijua Kiswahili cha kuombea, akasema wametoka kwao miezi mitano iliyopita na bado wanaendelea. Ukamuuliza ni nani aliyewafukuza. Akacheka, akasema hakuna, wanatembea tu waone dunia. Walipoondoka ulisimama ukiwatazama mpaka wakapotea kwenye kona ya mikaratusi, kisha ukanigeukia.

"Baba Achieng', kumbe mtu anaweza kubeba kapu na asiweke majani ndani."

Nilicheka nikasahau. Wewe hukusahau. Jioni hiyo ulianza kushona. Ulichukua magunia mawili ya mbolea, ukayafua mara tatu, ukayatia mikanda ya makapu yetu ya zamani, na nilipokuuliza ni ya nini ukasema likizo ya Julai hatuendi nyumbani moja kwa moja. Tutazunguka. Tutabeba vitu mgongoni kama wale wazungu, tutembee pa kutembea, tuombe lori pa kuomba, tufike Nairobi, halafu ndipo twende kwa Achieng', aliyekuwa akiishi na mama yangu. Siku zetu za likizo zilikuwa ishirini na nne. Ulisema mtu aliyechuna chai miaka tisa bila kuona mji mkuu wa nchi yake ni kama ng'ombe wa kusaga miwa, anazunguka tu.

Nilikubali kwa sababu nilifikiri utachoka kufikia Litein.

Hukuchoka. Mimi ndiye niliyechoka. Pale Kaplong viatu vilinila, ukavivua, ukavifunga kwenye kamba ya gunia lako, nikatembea na ndara. Tulikwenda Siongiroi kwa Mama Cherono, jirani yetu kwenye laini, zile nyumba za wachuma chai, ambaye naye alikuwa likizoni kwake. Siku ile ilikuwa ya mnada wa ng'ombe, na watu wakadhani tumekuja kununua. Bwana yake akatupa maziwa ya kibuyu yenye mkaa, ukameza na macho yakakutoka, kisha ukaomba tena kwa heshima. Mama Cherono akakuuliza mnakwenda Nairobi kumwona nani. Ukasema hatuendi kumwona mtu, tunakwenda kuona. Akanitazama mimi.

"Baba Achieng', huyu mama umempa nini? Mimi wangu hajanipeleka hata Bomet."

Bwana yake akasema Bomet kuna nini cha kuona. Tukacheka wote. Ninaandika jambo hili kwa sababu ilikuwa mara ya kwanza mtu kunisifu kwa ajili yako, na nilipokea sifa hiyo kana kwamba safari ilikuwa wazo langu.

Kutoka Sigor tulipata lori la ng'ombe mpaka Narok. Ulikaa juu ya vyuma, kitambaa kimefungwa kichwani, ukihesabu pundamilia. Sikuwahi kukuona hivyo. Kazini ulikuwa mtu wa kimya. Kule juu uliimba nyimbo zote za kitabu cha kanisa, na dereva akasimamisha gari akauliza kama kuna mtu amekufa.

Tulipofika Limuru ukaona chai. Ukamwomba mwenye gari atushushe, nami nikanung'unika kuwa tumetoka kwenye chai siku kumi zilizopita na sasa tunashuka kutazama chai. Uliingia mpaka kiunoni, ukachuna majani mawili na kichipukizi, ukayageuza, ukayanusa. Wenyeji walikuwa wakikutazama.

"Hawa wanaacha makubwa," ukaniambia kwa sauti ya chini, kwa adabu, kama mtu anayeona uchafu kwenye nyumba ya mwenyeji wake.

Kule Nairobi tulikaa mtaa wa Kawangware kwa binamu yako, siku nne. Alitucheka na magunia yetu lakini alitupa kitanda chake. Na wewe ulikuwa na orodha, japo haikuandikwa popote. Ulitaka makumbusho, ulitaka kuona garimoshi la kwanza, ulitaka bunge hata kama ni kwa nje, na juu ya yote ulitaka lile jumba refu la mviringo, KICC, ambalo picha yake ilikuwa kwenye kalenda ya zahanati yetu. Kila ulipompeleka mtoto kuchanjwa uliitazama. Binamu yako alikuwa amekuambia zamani kwamba mtu anaweza kuomba kwa askari wa mlangoni akapandishwa hadi juu kabisa, na ukiwa juu unaona mpaka pembe zote za nchi. Nadhani alitia chumvi. Lakini kabla hatujaanza safari ulikuwa umemtumia Achieng' salamu kupitia kwa mama yangu, ukisema ukifika juu ya jumba hilo utatazama upande wa ziwa na kumpungia mkono. Ulimtajia hata siku, ile uliyohesabu kuwa tutakuwa tumeshafika. Alikuwa na miaka saba, aliamini.

Makumbusho uliyapenda. Ile sanamu ya ndovu uliizunguka mara mbili. Lakini nakumbuka zaidi pale kwenye kioo, ambapo wameweka vitu vya watu wa kale, vibuyu na mikuki na kapu moja la kubebea mgongoni. Ulisimama pale muda mrefu. Ukasema kumbe hata kapu linaweza kuwekewa kioo na taa. Mtu mmoja mwenye kamera alikuwa karibu yetu, akakutazama wewe na gunia lako la mbolea mgongoni, na fito yako mkononi, ile fito tunayolaza juu ya chai ili kupima usawa wa kuchuna. Ulikuwa umeifanya bakora ya safari. Akatabasamu. Wewe ukamjibu kwa tabasamu. Mimi nikasogea mbali kidogo, nikajifanya nasoma maandishi. Hapo ndipo aibu yangu ilipoanza, na wala sikujua kuwa imeanza.

Siku ya tatu ndiyo ile uliyomtajia Achieng', ya kupanda KICC. Asubuhi kulikuwa na manyunyu ya Julai, ukavaa ile aproni yetu ya plastiki ya kijani, ya kuzuia umande wa chai. Nilikuambia Nairobi hawavai vile. Ukauliza, kwani Nairobi mvua hainyeshei watu?

Tulitokea Kenyatta Avenue. Barabara pana kuliko zote tulizowahi kuona, ina miti na maua katikati, maduka huku na huku, vioo mpaka juu. Ulitaka kutazama kila dirisha. Mimi nilitaka tumalize haraka twende KICC kabla mawingu hayajashuka. Hapo nikatoa ule mpango wangu, na nyote mnaosikiliza mtaucheka, na ni haki yenu.

Kwa asiyejua kazi ya chai, nitaeleza. Nyapara anapogawa shamba asubuhi kila mtu hupewa mstari wake. Ukimaliza kabla ya jirani yako, hukai chini. Unazunguka unaingia kwa mwisho wa mstari wake, unachuna ukija, yeye anachuna akienda, mpaka makapu yenu yagongane. Kampuni haikutunga sheria hiyo. Ni sisi wenyewe watu wa majani tulioileta, na mtu asiyeifuata hukosa wa kumtwika mzigo. Mke wangu alikuwa na mikono myepesi kuliko yangu. Kwa miaka tisa hakuna siku ambayo mimi nilimaliza kwanza. Kila siku alizunguka, kila siku nilimwona akitokea mbele yangu kwenye ukungu, kwanza fito, kisha kitambaa, kisha uso. Makapu yakigongana alisema, "Umefika?" Kana kwamba ni mimi niliyekuwa nimetoka mbali.

Basi nikakuambia tugawane barabara kama chai. Wewe uende mpaka mwisho wa juu, upande wa bustani ya Uhuru, uanze kutazama ukishuka. Mimi nianzie chini, upande wa Moi Avenue, nitazame nikipanda. Tukutane kwenye zile sanamu za askari watatu weusi tulizokuwa tumepita. Kisha kila mtu atamsimulia mwenzake alichokiona, na tutakuwa tumeona barabara nzima kwa nusu ya muda. Uliona ni jambo la akili. Ulisema, "Usichelewe kama kawaida yako," ukaenda na fito yako, aproni ikipiga kelele ya plastiki kila unapokanyaga.

Tulisahau kwamba kwenye chai hakuna mtu anayepita katikati ya mstari wa watu wawili.

Sikuwa nimepita maduka matano nilipoitwa jina.

"Ouma? Ouma mla chaki?"

Alikuwa Ezra. Tulikaa dawati moja mpaka siku niliyoacha shule. Alikuwa amevaa suti na tai, kiatu kinang'aa licha ya manyunyu, na alikuwa na wenzake wawili wa ofisini, wamevaa kama yeye. Alifurahi kweli, sitamsingizia. Alinikumbatia pale pale. Aliwaambia wenzake, "Huyu jamaa alikuwa ananishinda hesabu, na kama baba yake asingekufa angekuwa profesa." Wakanisalimu kwa mikono miwili. Nilikuwa nimeacha gunia langu kwa binamu yako, kwa hiyo nilikuwa mtu tu, mwenye shati na sweta. Akaniuliza siku hizi niko wapi.

Nikasema Kericho, kampuni ya chai.

"Ofisini?"

Nikasema ndio. Upande wa mizani, wanakopima majani.

Nyar Alego, sikuwa nimepanga. Lilitoka lenyewe. Na likishatoka lilikuwa tamu. Tukatembea wanne kupanda barabara, wao wakienda kula, Ezra ameniwekea mkono begani akiniuliza habari za bei ya majani, na mimi nikijibu kama mtu wa mizani. Nilitembea hivyo nikiwa nimesahau tunaelekea wapi. Nilipoinua macho niliziona zile sanamu, na wewe chini yake.

Ulikuwa umefika kabla yangu, kama siku zote. Gunia mgongoni, mikanda ya kapu mabegani, aproni ya kijani, fito mkononi. Kulikuwa na kila kitu isipokuwa chai. Watu wa ofisi walikuwa wakikupita huku na huku kama maji yanavyopita jiwe. Ulikuwa ukimtazama yule wa tatu kwenye sanamu, ambaye binamu yako alisema si askari bali ni mpagazi wa vita, na najua ungeniambia nini, kwamba huyu ni wa kazi yetu.

Mmoja wa wenzake Ezra akasema, "Angalieni yule mama. Ametoka shambani moja kwa moja. Atatuchunia maua ya kanjo ya jiji."

Wakacheka. Si kicheko kibaya sana. Ni vile watu wanavyocheka mjini. Ezra akanigusa ubavu.

"Ouma, huyo si wa kwenu Kericho? Wa mizani yako? Msalimie basi."

Wakati huo ukageuka. Tulikuwa mbali nawe kama vichaka vinne vya chai. Uliniona. Niliona uso wako ukifunguka vile unavyofunguka kwenye ukungu, na mkono wenye fito ukaanza kupanda.

Nikasema, "Simjui."

Sikunong'ona. Nilisema kwa sauti ya mtu wa ofisi. Mkono wako ulikuwa umefika kifuani, ukasimama hapo. Sikungoja kuona kama utashuka. Niliwageuza wale watu kwa kuwaambia kwamba njaa inaniuma, tukavuka barabara, tukaingia hoteli ya ghorofani, na nikakaa mgongo ukiwa dirishani.

Nilikaa humo zaidi ya saa nzima. Ezra aliagiza. Waliniletea chai, na nilipoinusa nikajua ni ya kwetu, ya milima ya Kericho, chai ya juu. Nikafikiri majani haya labda yalipita kwenye kapu la mke wangu, na yeye amesimama chini mvuani. Mnaonisikia hapo kwenye veranda, mtasema basi hapo niliinuka. Sikuinuka. Nilimaliza kikombe, nikaongezewa.

Waliporudi kazini nikarudi kwenye sanamu. Sikutarajia kukukuta. Nadhani nusu yangu iliomba nisikukute, ili kosa liwe la kupoteana. Ulikuwepo. Aproni ilikuwa inatiririka maji. Ulikuwa umenunua hindi la kuchoma, ukala nusu, na nusu nyingine umeifunga kwenye karatasi chini ya aproni ili isilowe. Ukanipa.

"Umefika," ukasema.

Safari hii haikuwa swali. Nikaanza kueleza. Nilisema nilipotea, kwamba barabara zilinichanganya, kwamba polisi alinielekeza vibaya nikafika karibu na soko. Nilieleza mengi, na kila nilipoeleza hindi lilikuwa linapoa mkononi. Ulinisikiliza mpaka mwisho.

"Nairobi ni kubwa," ukasema.

Nikakuambia haya, twende sasa KICC, bado kuna mwanga. Ukasema miguu imechoka, nipande mimi nikusimulie. Mtu aliyetembea kutoka Kericho. Sikupanda. Tulirudi Kawangware, kesho yake tukaanza safari ya kwenda nyumbani, na hakuna tulichozungumza njiani isipokuwa njia.

Tulipofika nyumbani Achieng' alitukimbilia mpaka kwenye mchongoma. Alisema siku ile alisimama juu ya kichuguu kutoka asubuhi akipunga mkono, na bibi yake akamletea chakula pale pale. Akakuuliza, mama, uliniona? Nilitazama chini. Nilingoja useme ni baba yako aliyetuchelewesha.

"Kulikuwa na mawingu," ukamwambia. "Lakini nilijua unapunga."

Tukarudi kazini mwezi wa nane, na siku ya kwanza nyapara akatupa mistari miwili iliyokaribiana kama kawaida. Ulimaliza kwanza. Niliinua macho nikitazama ukungu, nikingoja fito itokee. Haikutokea. Nilichuna mstari wote peke yangu hadi mwisho, nikakukuta umekaa juu ya kapu lako lililojaa, umekunja mikono, unanitazama nikija. Hukuwa na hasira usoni. Ulisogea ukanipa nafasi ya kukaa.

Siku ya pili vilevile. Na ya tatu. Nyapara, Arap Bii, ambaye hakuna kinachompita, aliniuliza kwa mzaha kama siku hizi mama amenisamehe mpaka amenisahau. Nikasema anaumwa mgongo. Wengine wote uliendelea kuwazungukia. Ulimzungukia Mama Cherono, uliwazungukia hata wageni wa wiki moja. Mimi tu ndiye uliyeniacha nimalize.

Hapo ndipo nilipojua kwamba ulisikia. Mpaka siku hiyo nilikuwa nimejidanganya kuwa magari yalifunika sauti. Na hapo, nyar Alego, ndipo ningesema. Kulikuwa na muda. Tulikaa juu ya makapu yale kila siku tukisubiri mizani. Badala yake nilianza kuchuna haraka. Nilifikiri nikipata kasi, nikimaliza pamoja nawe, hakutakuwa na haja ya mtu kumzungukia mwenzake, na jambo litakufa lenyewe. Nilijikata vidole. Nyapara alinirudishia majani kwa kuwa yalikuwa makubwa. Na sikuwahi kukufikia.

Baada ya miaka miwili mama yangu akaanza kuugua miguu, ukasema utakwenda nyumbani kumwangalia. Ilikuwa sababu ya kweli na hakuna mtu aliyeuliza zaidi. Nilikusindikiza mpaka stendi ya Kericho, nikapandisha mzigo wako. Ulikuwa umeliacha lile gunia la safari, na fito, na aproni. Umebeba begi la kununua. Ulikaa dirishani, ukaniita nisogee.

"Baba Achieng', mtu akikuuliza habari zangu, sema unanijua."

Gari likaondoka. Hayo ndiyo maneno pekee uliyowahi kusema juu ya siku ile.

Ni mwaka wa nne sasa. Kila likizo nakuja, unanipikia samaki, unanitandikia, unaniuliza hali ya kazi. Mama anakusifu mpaka naona haya, kwa jinsi ulivyomuuguza. Unaniheshimu kama mgeni wa kanisa. Sina la kulalamikia hata moja, na narudi Kericho kila mara nikiwa mzito kuliko nilivyokuja.

Nimeandika leo kwa sababu ya jambo dogo. Jumanne nilikuwa kwenye mstari, mgongo umeniuma, wengine wote wamemaliza. Nikasikia mtu anachuna mbele yangu. Ukungu ulikuwa mzito. Ikatokea fito, kisha kitambaa. Nilidhani ni wewe, nasema ukweli. Alikuwa Mama Cherono. Alikuwa ameniona nimebaki nyuma, akazunguka. Makapu yetu yakagongana, na mimi mtu mzima, mwenye mvi, nikakaa chini katikati ya chai nikalia.

Akashtuka. "Baba Achieng', kwani nimekuumiza?"

Nikamwambia yote. Ni mtu wa kwanza kuyasikia. Nilidhani atanifariji. Alisimama akiwa ameshika kapu, akasema, "Kwa hiyo miaka sita umekuwa ukingoja yeye ndiye azunguke tena." Kisha akarudi kuchuna.

Sikulala vizuri kwa neno hilo. Ni kweli. Hata nilipokuwa nikijuta nilikuwa nimekaa upande wangu nikitazama ukungu.

Sasa sikiliza, na mwalimu Dorka, hapa unaweza kurudia. Likizo yangu inaanza baada ya wiki mbili. Nitashuka barabara kuu, pale sokoni, siku ya soko, mchana. Nitakuwa nimebeba lile gunia ulilolishona, na mikanda yake ya kapu. Nitakuwa nimevaa aproni yako ya kijani, mvua iwepo isiwepo, na nitashika fito yako. Watu wa soko wacheke wanavyotaka. Akitokea mtu wa kuniuliza natoka wapi, nitasema nachuna chai Kericho, mwaka wa kumi na tano, sijawahi kukaa ofisini hata siku moja. Akiniuliza naenda kwa nani, nitakutaja jina lako la ubatizo na la kwenu.

Kutoka sokoni mpaka nyumbani kuna ile njia ndefu ya katani, na katikati kuna kidaraja cha mbao. Sikuombi uje kwenye kidaraja. Ulishakuja mpaka katikati, ukasimama mvuani, na ukaniwekea nusu ya hindi. Kaa mlangoni kwako. Kunja mikono kama ulivyokuwa ukikaa juu ya kapu. Safari hii nitatembea mstari wote mimi, kuanzia barabarani mpaka mwisho wake, na sitauliza kwa nini hukuzunguka.

Nikifika nitasimama mbele yako, na Achieng' awepo asikie. Kama utaona inafaa, niulize tu lile neno lako la zamani. Kama hutaona inafaa, nitapiga hodi kama mgeni, na nitangoja nje.

Ni mimi mumeo, ninayekujua,

Baba Achieng'